Kutoka Chimala hadi Dar es Salaam: Safari ya Kutazama Kazi ya Binti



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za safari za mbali. Mmoja amekwenda kuhiji akatuletea habari za Makka na Madina, mwingine amekwenda Misri akatusimulia Al-Azhar na maktaba zake. Mimi sina safari ya namna hiyo. Yangu ilikuwa ya kupanda basi hapa Chimala alfajiri na kushuka Dar es Salaam usiku, wala niliyekwenda kumtazama si shekhe wala mtu mkubwa, bali ni binti wa marehemu kaka yangu, ambaye kazi yake ni kupanga miji. Nimeona niiandike kwa kuwa wazee wengi wenye mabinti wameniuliza habari zake, na kwa kuwa mimi nilimkosea mbele ya watu, basi na kukiri kwangu napenda kuwe mbele ya watu.

Kwa asiyeijua Chimala, huu ni mji mdogo wa wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, kandokando ya barabara kuu iendayo Zambia. Upande wa kusini milima imesimama kama ukuta, na huko juu ndiko Matamba na uwanda wa Kitulo. Njia ya kupandia ina kona nyingi hata watu wameipa jina la Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Upande wa kaskazini ni bonde la Usangu, nchi tambarare, mashamba ya mpunga mpaka macho yachoke. Viazi vyashuka kutoka juu, mpunga waja kutoka chini, na vyote viwili hukutana barabarani. Wenyeji ni Wasangu, na wamechanganyika na Wawanji, Wakinga, Wabena, Wasafwa na Wanyakyusa. Na huko Rujewa wako ndugu zetu wenye asili ya Kibulushi, ambao wazee wao waliingia Usangu tangu zama za misafara.

Barabara ndiyo mji. Lami yake ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikaanza kazi mwaka 1976. Tangu hapo kila mwenye kujenga alitaka mlango wake uitazame njia. Mwenye duka alitaka hivyo, mwenye mgahawa alitaka hivyo, na sisi wa chuo pia tulitaka hivyo. Wazee waliokijenga chuo chetu cha Qur'ani, vyumba viwili vya matofali ya kuchoma, walikielekeza barabarani ili dereva wa lori apitaye aone sanduku la sadaka. Sitaficha: sanduku lile limenunua misahafu mingi.

Sasa nije kwa huyu binti. Baba yake alipofariki alikuwa angali darasa la sita, nami nikawa msimamizi wake. Alinisomea juzuu kumi hapa hapa chuoni, akaendelea na sekondari, kisha akapata nafasi katika Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Neno "chuo" lilinichanganya, kwani kwetu chuo ni mahali pa ubao na Alifu. Nilipouliza nikaambiwa kwamba mahali pale palianza mwaka 1956 kama shule ya kufundishia wapimaji, pakawa Taasisi ya Ardhi mwaka 1974, na pakawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Watu walininong'oneza kwamba si vema msichana kwenda mji ule peke yake. Mimi mwenyewe nilikuwa nusu kwa nusu. Mama yake ndiye aliyeuza gunia za mpunga, akafunga mdomo, akampeleka.

Mwaka juzi alikuja kwa Idi el-Fitri. Kamati ya chuo ilikuwa imekusanya fedha kwa miaka mitatu kuongeza chumba cha tatu, mbele ya vile viwili, pamoja na baraza. Matofali yalikwisha kupangwa. Binti akatoa katika mkoba wake utepe wa kupimia, akamwomba mdogo wake ashike ncha moja katikati ya barabara magari yalipopungua, akapima mpaka ukutani. Kisha akanijia, nami nimekaa na wazee wa kamati.

"Baba mdogo," akasema, "ukuta wa chuo uko mita 26 kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande kwa barabara kuu. Zamani ilikuwa mita 22 na nusu. Hivi mlivyo, barabara ndiyo iliyowafuata, na siku mkiondolewa mna haki ya kudai fidia. Lakini chumba kipya kitafika mita 21, na hapo mtakuwa ninyi ndio mlioifuata barabara. Kitabomolewa bila ya senti moja."

Maneno yalikuwa ya adabu na sauti ilikuwa ya chini. Walakini wazee walikuwa wananitazama, na mimi nikaona haya kufundishwa na mtoto niliyemfundisha. Nikamjibu: "Mwanangu, chuo hiki kimejengwa kabla hujazaliwa. Ulichosomea mjini kitumie huko huko mjini." Wazee wakacheka. Mmoja, ambaye ni mtu wa mizaha, akauliza kama utepe ule waweza kumpimia na mchumba. Binti akasema, "Sawa, baba mdogo," akakunja utepe wake, na siku ya pili akasafiri, ijapokuwa likizo yake ilikuwa haijesha.

Kabla hajaondoka alimwuliza mama yake jambo moja ambalo lilinifikia baadaye: kwa nini bomba la maji wanalotumia watoto wa chuo liko ng'ambo ya barabara? Haukupita mwezi, mwanafunzi wangu wa miaka minane alitumwa maji ya udhu akagongwa na pikipiki iliyokuwa ikilipita lori. Alhamdulillahi alipona, ila mguu ulivunjika na hata leo achechemea. Aliyemtuma maji ni mimi.

Basi nikawaambia kamati tusubiri kujenga. Sikuwaambia sababu. Ikatokea pia kwamba mtu mmoja wa heshima, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, alileta posa ya binti huyu, akataka jibu, na sharti lake ni kwamba arudi kukaa Chimala. Mimi ndiye walii wake. Nikaona siwezi kumwozesha wala kumkatalia mtu ambaye kazi yake siijui hata kwa kuiona. Nikakata tikiti.

Ya njiani sitayarefusha. Makambako kulikuwa na baridi, Kitonga basi liliteremka polepole watu wakisoma dua, na Mikumi twiga walitutazama kama wakaguzi. Usiku tukafika kituo kikubwa cha mabasi cha Magufuli, Mbezi, naye alikuwa amesimama kunipokea, ushungi kichwani na viatu vya buti miguuni, vimejaa vumbi jekundu. "Shikamoo, baba mdogo. Pole na safari." Nikasema marahaba, na neno nililokuwa nimelitayarisha tangu Iringa halikutoka.

Maskani yake ni chumba na sebule huko Mabibo, akipanga pamoja na muuguzi mmoja wa Tukuyu, ambaye zile siku nne alikwenda kulala kwa dada yake ili nipate nafasi. Nalidhani maisha ya mjini ni ya raha. Maji hutoka kwa zamu; siku ya zamu huamka saa kumi, akajaza ndoo sita, akasali, akachemsha chai, na kabla ya saa kumi na mbili yuko kituoni. Kodi hudaiwa kwa mkupuo wa miezi sita. Mwenye nyumba wa kwanza alimkataa kwa sababu hana mume. Wa pili alimkubali kwa sababu hana mume, akahama upesi. Hili alinieleza akitazama chini, na mimi sikuuliza zaidi.

Siku ya pili nikamwomba nifuatane naye kazini. Yuko katika kampuni ndogo inayofanya urasimishaji wa makazi. Neno hilo nililisikia redioni bila ya kulielewa, nalo maana yake ni hii. Dar es Salaam ina watu 5,383,728 kwa hesabu ya mwaka 2022, na hukisiwa kwamba saba katika kila kumi wanakaa mahali ambapo nyumba zilitangulia na mipango ikafuata, au haikufuata kabisa. Serikali haiwezi kuwabomolea watu wote hao, wala haifai. Basi wapangaji huchukua picha ya mtaa iliyopigwa kutoka angani, hutembea kila mpaka pamoja na mwenye kiwanja, majirani zake na mjumbe, huandika walivyokubaliana, kisha huchora njia za kupita katikati ya nyumba zilizokwisha kusimama, na mwisho kila kiwanja hupimwa na kupata namba, ili mwenyewe aweze kuomba hati.

Kuchora njia ndipo penye vita. Kila mtu ataka njia, ila ipite kwa jirani. Tulifika kwenye uchochoro wa upana wa hatua mbili kati ya kuta za wazee wawili, wasiosemezana tangu siku nyingi. Mmoja alipomwona binti akaniamkia mimi, akaniuliza, "Bwana mkubwa, tuanze?" Nikamwambia mimi ni mgeni tu, mkubwa ni huyu. Akacheka akidhani namtania. Binti hakukasirika, nadhani amezoea. Akafungua karatasi yake juu ya tofali, akaonyesha kwamba nyumba kumi na nne za nyuma zina uchochoro ule mmoja tu. Wazee wakaanza kutoleana maneno ya mwaka 1998. Aliwaacha waseme mpaka wakachoka. Kisha akauliza kwa upole: "Babu zangu, yule mama aliyefariki huko nyuma mwezi wa Ramadhani, jeneza lake lilipita wapi?"

Wakanyamaza. Mjumbe ndiye aliyejibu: lilipitishwa juu ya ukuta, wanaume wanne huku na wanne kule, na lilitaka kuanguka.

Ilichukua saa nzima nyingine, lakini kila mmoja akatoa hatua moja ya ua wake, wakaweka vidole vyao vya gumba kwenye karatasi. Mimi nalikuwa nimekaa juu ya ndoo kivulini, na moyoni nilikuwa mbali. Imepokewa kwa Abu Huraira, katika Bukhari na katika Muslim, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamua watu wakikhitilafiana juu ya njia basi iachwe dhiraa saba. Hadithi hiyo nimeisomesha zaidi ya miaka ishirini. Nimesomesha pia habari za mji wa Kufa uliojengwa katika ukhalifa wa Sayyidna Umar, ambao wanahistoria wametaja kuwa barabara zake kubwa zilipimwa dhiraa 40, nyingine 30 na 20, na vichochoro dhiraa saba. Dhiraa saba ni kiasi cha mita tatu na nusu. Nilizisomesha dhiraa hizo nimekaa barazani pa chuo ambacho sikukipima hata siku moja.

Jumamosi alinitembeza mjini. Wenzetu wengi wakifika Kariakoo hutazama bidhaa. Yeye alinitazamisha mitaa. Inakatana sawasawa kama mistari ya daftari, kwani ilichorwa na watawala. Wajerumani walihamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na baada yao Waingereza wakaendelea kuugawa mji kwa daraja tatu: Uzunguni pwani penye upepo, Uhindini katikati, na Uswahilini nyuma. Mnazi Mmoja, uwanja ambao mimi naujua kwa maulidi na mikutano, uliachwa wazi ili uwe kitengo baina ya Mwafrika na wengine. Ramani kuu ya mwaka 1949 ilichorwa na kampuni ya Kiingereza, na hata baada ya uhuru, ile ya 1968 na ile ya 1979 zilichorwa na makampuni ya Kanada. "Mji wote huu, baba mdogo, umechorwa na watu ambao hawakupata kubeba ndoo ndani yake," akasema. Nikamtazama: msichana mweusi wa Usangu, mwenye ndoo sita.

Nikamwuliza kama wako wanawake wengi katika kazi hii. Akasema wako na waongezeka. Akanitajia Profesa Anna Tibaijuka, Mtanzania mwenzetu, aliyeliongoza Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi huko Nairobi tangu mwaka 2000 hadi 2010. Akanitajia na Maimunah Mohd Sharif, mwanamke Mwislamu wa Malesia, ambaye usomi wake ni huu huu wa kupanga miji. Naye aliliongoza shirika lile lile tangu 2018, na mwaka 2024 akateuliwa kuwa meya wa Kuala Lumpur. Picha yake iko ndani ya simu ya binti, amevaa ushungi.

Tulipita Mtaa wa Indira Gandhi, ambako tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa lilianguka na kuua watu zaidi ya thelathini. Jirani yake ni msikiti, na watoto wa madrasa walikuwa wakicheza pale chini. Tulisimama tukawaombea dua. Jioni tukarudi kwa njia ya Kimara, akanionyesha barabara pana ya magari iendayo Kibaha. Zamani pale palikuwa na nyumba na maduka yamebanana; mwaka 2017 yalibomolewa ili barabara ipanuliwe, na nyumba za ibada zilikuwa miongoni mwake. Hakusema neno juu ya chuo chetu. Alinionyesha tu, akanyamaza.

Usiku wa mwisho ndipo nilipomtaka radhi. Nilimwambia hivi: "Mwanangu, nilikuvunjia heshima mbele ya wazee, na ulikuwa umesema kweli." Akalia kidogo, akaingia jikoni, akatoka na chai. Kisha nikamweleza habari ya posa.

"Sijakataa kuolewa, baba mdogo, na mtu huyo sina ubaya naye," akasema. "Lakini mimi leo nikirudi Chimala nitafanya kazi gani? Nitakuwa mke wa mwenye mashine aliyewahi kusoma. Na huku nako si kwamba nimepapenda. Mkataba wangu ni wa mwaka kwa mwaka. Huku naitwa wa mkoani, nikija nyumbani naitwa wa mjini."

Nikamwuliza, kwa hiyo kwao ni wapi. Hakujibu kwa mdomo. Alitoa nyuma ya kabati karatasi ndefu iliyoviringishwa, akaitandika juu ya mkeka. Ilikuwa Chimala. Nilimtambua mto, nikaitambua reli, nikaliona soko. Lakini nyuma ya barabara kuu alikuwa amechora barabara nyingine ndogo, inayokwenda sambamba nayo, ili bajaji na baiskeli za viazi zisigombane na malori ya Zambia. Stendi ameitoa kandoni. Bomba la maji ameliweka upande wetu. Na huko nyuma, karibu na mfereji, pana kijumba cha mraba alichokiandika kwa kalamu: Chuo. Kando yake ameandika: mlango wa wanawake. Niliona haya tena, kwani chuo chetu hakina mahali pa kinamama kukaa, na wao ndio waletao nusu ya sadaka.

Aliichora usiku usiku, bila ya kuagizwa na mtu, kwa muda wa miaka miwili.

Niliporudi niliita kamati na nikasema mbele yao yale niliyoyasema mbele yake. Si wote waliokubali. Mzee mmoja akasema alama ya X haijawekwa ukutani, tusijitabirie. Mwingine akauliza sadaka ya madereva itatoka wapi tukijificha nyuma ya mji. Swali hilo ni la haki, na mpaka leo sina jibu lake. Lakini habari ya mtoto mwenye kuchechemea wote waliijua. Tulinunua kipande cha shamba karibu na mfereji kutoka kwa mkulima wa mpunga, kwa zile zile fedha za chumba cha tatu, tukapungukiwa za kujengea. Matofali yalihamishwa kwa mikokoteni ya ng'ombe.

Ama posa, nilimpelekea mwenye mashine salamu kwamba binti ana ulimi wake, na sheria yetu haimwozeshi bila ya ridhaa yake, basi aseme naye mwenyewe kwa njia ya heshima. Mwanzo alichukia. Baadaye akapiga simu, na nasikia swali lake la kwanza lilikuwa kama halmashauri ya wilaya inaajiri watu wa mipango miji. Wanaendelea kusemezana, mimi simo.

Mwezi uliopita alikuja siku tatu kuweka mambo. Safari hii hakupima na mdogo wake. Yule mzee wa mizaha, aliyeuliza habari ya mchumba, alikuja mwenyewe asubuhi na fimbo yake, akataka kushika ncha ya utepe. "Shika hapo, babu, usiachie," binti akamwambia, naye akashika kwa mikono miwili mpaka vigingi vyote vikakaa. Msingi umefika usawa wa goti, na mvua zimeanza.